Mvua Haikuwa Yake

Maneno yenyewe yalikuwa matatu tu, yamepigwa chapa ndani ya mabano karibu na mwisho wa ukurasa: mvua inanyamaza ghafla. Bibi Ngurumo aliyasoma akiwa amesimama, akayasoma tena akiwa ameketi, kisha akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni lake na kuyarudia. Hayakubadilika.

"Ghafla vipi, mwanangu?" akauliza.

Mwandishi alikuwa amepiga magoti chini ya meza akimwekea mto wa kukalia, kwa sababu wiki iliyopita alimwona akishika kiuno. Alikuwa kijana mpole, wa aina ile ambayo ikikuletea chai hukumbuka pia kwamba wewe hutaki sukari. Akainua kichwa.

"Ghafla tu, Bibi. Mhandisi anasema 'Basi!', wewe unaweka ungo chini. Kimya. Kama mtu aliyezima taa."

"Na kwa nini inanyamaza?"

"Kwa sababu amesema."

"Kwa hiyo imemsikia."

Mwandishi akacheka, lakini hakumcheka yeye. Akaketi sakafuni pale pale. "Ni hadithi, Bibi. Watu wamechoka kushindwa. Nje huko wanashindwa kila siku. Angalau kwenye hadithi, mtu ashinde."

Bibi Ngurumo hakuona kosa katika maneno hayo. Ni kweli watu walikuwa wamechoka. Yeye mwenyewe alikuwa amechoka. Lakini kila alipotazama ule mstari, mikono yake ilikuwa kama imeambiwa ifanye kitu isichokijua, na hakuelewa kama tatizo ni mstari au ni uzee.

Jina la Ngurumo alipewa na kazi. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa ndiye mtu wa sauti katika kituo kile kidogo cha redio, nyumba ndefu ya bati iliyojengwa kwenye mteremko, juu ya mtaa wa bondeni. Chumba cha kurekodia hakikuwa na dirisha. Kuta zilibandikwa trei za mayai ili zimeze mwangwi, na upande mmoja palikuwa na kioo kikubwa, nyuma yake, katika chumba kingine kisicho na dirisha, aliketi fundi mitambo, msichana mwenye vidole vyepesi na kinywa kizito. Mbele ya Bibi palikuwa na meza yake. Ungo wenye choroko kavu ulikuwa mvua. Bati jembamba lililoning'inia kwa kamba lilikuwa radi. Beseni na kikombe vilikuwa mto, na kipande cha turubai kuukuu, ukikisugua kwenye pipa, kilikuwa upepo unaomfanya msikilizaji atafute shuka.

Mvua alijifunza kwa kuketi mlangoni kwake na kuisikiliza. Aligundua kwamba haiji yote kwa pamoja na haiondoki yote kwa pamoja. Hata inapokatika inabaki kwenye majani na kwenye ukingo wa paa, inadondoka kidogo kidogo kama mgeni anayeaga mara nne kabla ya kutoka. Kwa hiyo tangu mwanzo, kila mvua aliyoipiga aliimalizia kwa kudondosha choroko mojamoja ndani ya kikombe cha bati. Pale kituoni waliita kitendo hicho kuaga. "Bibi, umeshaaga?" wangemuuliza, naye angedondosha ya mwisho, ndipo taa nyekundu ya matangazo izimwe.

Leo aliambiwa mvua iondoke bila kuaga.

Mchezo ulikuwa na sehemu kumi na tatu. Ulimhusu mhandisi aliyejenga ukuta kuuzuia mto, na mto ukakataa. Katika sehemu ya mwisho Mhandisi anasimama juu ya ukuta wake, gharika inampiga miguuni, anaikemea mvua, mvua inatii na mto unarudi nyuma. Watu waliupenda mno mchezo huo. Saa kumi alasiri ya Alhamisi, ukipita mtaani, ulikuwa unausikia kutoka nyumba hadi nyumba bila kukosa neno.

Aliyeigiza Mhandisi alikuwa kinyozi, na hakuwa na kifua cha kutisha, ila sauti alijaliwa. Aliingia akijipulizia mikononi.

"Bibi, usiniangushe," akasema. "Nimewaambia wateja wangu wote kwamba leo mvua itaniogopa."

"Nyumbani kwako hata kuku hawakuogopi, sembuse mvua."

"Kuku hawana adabu. Mvua imeandikiwa."

Wakacheka wote, hata fundi mitambo nyuma ya kioo. Halafu akawakumbusha kwa kipaza sauti chake kwamba mashine ya kurekodi bado haijapona, kwa hiyo leo kinachosemwa kinakwenda moja kwa moja hewani. Atakayekosea amekosea mbele ya watu wote. Akapitisha kikapu, wakatia simu zao humo, akakitoa nje kama kawaida na kufunga mlango.

Kabla ya kuitia yake, Bibi Ngurumo aliitazama kidogo. Alikuwa na neno la kumwambia mdogo wake na hakuwa amelisema.

Mdogo wake waliyemwita Kadogo alikuwa na miaka sitini na mitatu, na jina halikumtoka. Aliishi bondeni, katika nyumba ambayo mgongo wake ulitazamana na kijito. Masikio yake yalikuwa yameanza kumchoka, na Alhamisi alifunga madirisha, akazima simu asisumbuliwe na mtu, akaifungulia redio mpaka mwisho. Mchezo ukiisha ndipo angewasha simu na kumpigia dada yake. Hakuzungumza habari za Mhandisi. "Dada, leo mvua yako ilikuwa nyepesi," angesema. Au: "Leo radi imenirusha kitini, hongera."

Asubuhi ile, akivuka daraja la miguu kuja kazini, Bibi Ngurumo aliona kijito kimebadilika rangi. Kilikuwa chekundu kama chai iliyosahaulika jikoni, na kilibeba vijiti na majani mabichi, ingawa mtaani hapakuwa na tone la mvua. Huko juu kilikotoka kulikuwa na jambo. Alisimama kidogo darajani, akajiambia atampigia Kadogo akifika. Alipofika akakuta ule mstari wa maneno matatu, nao ukamla akili yote. Na sasa Kadogo alikuwa ameshazima simu.

Taa nyekundu ikawaka.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Kinyozi aliunguruma, mto wa beseni ukajaa, upepo wa turubai ukalia. Bibi Ngurumo alianza na manyunyu: choroko chache, ungo umeinama kidogo tu. Akaongeza. Akaongeza tena. Kisha akahisi kitu kisicho cha kawaida. Mvua ilikuwa kubwa kuliko mikono yake.

Akapunguza. Mvua haikupungua.

Akatazama ungo. Choroko zilikuwa zikitembea taratibu, zikigusana tu, lakini chumba kizima kilikuwa kikinguruma. Nyuma ya kioo fundi mitambo alimwinulia kidole gumba, macho yamemtoka kwa furaha. Miaka yote Bibi hakupata kupiga mvua nzuri namna ile. Bibi Ngurumo alitaka kutikisa kichwa na hakujua atikise kwa lipi. Alijiuliza kama mikono yake inafanya kazi bila yeye, kama vile mtu anavyoota anatembea. Akaitazama mmoja mmoja. Ilikuwa imetulia.

"Mvua!" Kinyozi akapaza sauti juu ya ukuta wake ambao haukuwepo. "Nimekuvumilia vya kutosha! Basi!"

Bibi Ngurumo akaweka ungo chini.

Mvua ikaendelea.

Kinyozi akamtazama. Akatazama karatasi, akamtazama tena. "Nimesema basi!" akarudia, na safari hii sauti ilimkatika kidogo.

Nyuma ya kioo Mwandishi aliruka kutoka kitini, akapitisha kidole shingoni: kata, kata! Bibi Ngurumo akainua mikono yote miwili juu kama mtu aliyevamiwa njiani. Mwandishi akaonyesha ungo. Bibi akauchukua na kuupindua. Choroko zikamwagika sakafuni, zikatawanyika hadi viatuni mwa Kinyozi. Mvua ikaendelea. Kinyozi akainua mguu mmoja na kuuacha hewani, hajui aushushe wapi.

Hapo ikapiga radi. Bati lililoning'inia kwenye kamba, ambalo hakuna aliyeligusa, likatetemeka lenyewe na kutoa mlio mdogo, kama linaitikia.

Ndipo Bibi Ngurumo akaelewa kile ambacho mtu yeyote mwenye dirisha angeelewa dakika kumi kabla. Akatazama juu. Ilikuwa kwenye paa, mvua yenye mwenyewe, na mwenyewe huyo hakuwa katika chumba kile.

Alitaka kucheka. Kisha akamkumbuka Kadogo. Kadogo alikuwa ameketi na madirisha yamefungwa, sikio kwenye redio, akisema moyoni kwamba leo mkono wa dada uko vizuri. Mvua inampigia bati kichwani naye anaisifu redio. Na si yeye peke yake. Bonde zima lilikuwa limekaa namna hiyo.

Kinyozi alikuwa mtu wa kufuata karatasi. Alipopotea, alishika mstari unaofuata kama kipofu anavyoshika ukuta. Alikuwa ameshavuta pumzi. Bibi Ngurumo alijua mstari wenyewe, maana aliusoma asubuhi: Maji yamerudi nyuma! Rudini majumbani mwenu, hatari imepita!

Siku yake ya kwanza kazini, mzee aliyemfundisha alimwekea kidole mdomoni akamwambia kwamba mtu wa sauti hana mdomo. Ana mikono tu. Kwa miaka thelathini na mmoja hakuwahi hata kukohoa hewani. Siku moja alimeza nzi akanyamaza. Sasa alisimama, akakanyaga choroko zake mwenyewe, akauweka mkono juu ya karatasi ya Kinyozi na kuufunika ule mstari.

"Samahanini," akasema mbele ya kipaza sauti.

Sauti yake ilimshangaza. Ilikuwa ndogo.

"Mimi ndiye ninayewapigia mvua. Ungo wangu uko chini. Mvua mnayoisikia si yangu."

Nyuma ya kioo Mwandishi alikuwa ameshika kichwa. Fundi mitambo alikuwa ameweka kidole juu ya kitufe cha kukata matangazo, na Bibi Ngurumo alikiona kidole hicho. Kilikaa pale pale. Hakikubonyeza. Jambo hilo hakulisahau maisha yake yote.

"Kadogo," akasema. "Zima redio. Izime usikilize. Na ninyi wengine mlioko bondeni, zimeni redio msikilize. Mkisikia bado inanyesha, tokeni. Pandeni huku juu."

Alikuwa amemaliza na hakujua afanye nini tena. Kinyozi naye, hewani, mbele ya watu wote, akamgeukia na macho ya mtoto.

"Bibi," akasema kwa sauti ya Mhandisi, maana hakukumbuka kuivua. "Sasa mimi nifanyeje?"

"Shuka ukutani, baba."

"Nishuke?"

"Shuka. Usishindane nayo."

"Haya," akasema Kinyozi. "Nashuka." Na kweli akapiga hatua moja nyuma, kwa uangalifu, kama mtu anayetafuta ngazi kwa kidole cha mguu.

Taa nyekundu ikazimika.

Walipofungua mlango wa nje hawakuona barabara. Palikuwa na pazia jeupe tu, na ukelele wake ulifanya watu wazungumze kwa kupigiana mayowe. Bibi Ngurumo alichukua simu yake kikapuni akampigia Kadogo. Imezimwa. Akapiga tena. Simu ya kituo nayo ilianza kulia, fundi mitambo akawa anapokea bila kupumzika.

"Ndiyo, mama. Hapana, si mchezo. Ni kweli. Kweli kabisa, tokeni... Asante, tumefurahi kwamba umeupenda, lakini uko wapi?... Hapana, Mhandisi hajafa, yuko hapa anakunywa maji."

Akaweka simu chini, akaitazama kama imemuuma. "Kuna mzee anasema hatoki mpaka asikie mwisho wa mchezo," akasema.

Bibi Ngurumo alikuwa ameshavua viatu. Hakuwa na wazo lolote zaidi ya kwamba atashuka. Mwandishi akamshika mkono.

"Bibi, njia haionekani."

"Niliona kijito asubuhi," akamwambia. "Nilikiona, nikaja kusoma mstari wako."

Hakulisema kwa lawama. Alilisema kwa kuwa lilikuwa likimzunguka kichwani na hakupata pengine pa kulitua. Mwandishi akavua koti lake akamvika mabegani, akamkabidhi mwamvuli fundi mitambo amfunike, kisha akamwita Kinyozi, na wote wawili wakaingia ndani ya lile pazia wameshikana mikono, Mhandisi na aliyemtunga, wakiteleza kama ndama wa siku moja.

Muda ukapita. Bibi Ngurumo hakuweza kusema ni mwingi au mchache. Alijaribu kukumbuka kama alisema "zima redio" au alifikiria tu kusema. Akamuuliza fundi mitambo.

"Ulisema, Bibi."

"Na alinisikia?"

Msichana alifikiri. Angeweza kumdanganya kidogo, lakini hakumdanganya. "Sijui," akasema, akamsogezea mwamvuli.

Walianza kutokea wawili wawili. Mwanamume amebeba godoro kichwani. Mama na watoto wake. Kinyozi na mzee mgongoni, mzee akimuuliza sikioni kama ukuta umevunjika. Na nyuma yao, Mwandishi amemshika mkono mwanamke mfupi aliyefunga redio kwenye mfuko wa plastiki na kujitwisha kichwani, akija kwa hasira.

"Wewe dada!" Kadogo akapiga kelele hata kabla ya kufika. "Miaka yote husemi neno, siku ya mwisho ndiyo unasema? Umeniharibia mchezo!"

Bibi Ngurumo alimkumbatia na redio yake, mwamvuli ukaanguka.

"Ulizima?" akamuuliza. "Ulipozima ikawaje?"

"Nilizima. Mvua haikuzimika." Kadogo alijifuta uso, na hasira ikaanza kumwacha, ikaacha mshangao. "Nikasema redio imeharibika, inaendelea yenyewe. Nikatoa betri. Nikazipanga mezani zote, mvua bado inapiga. Nimesimama pale, betri ziko mezani, redio ni tupu kabisa, na mvua yako inaendelea. Sielewi. Nikasema labda ndio uchizi umeanza. Halafu nikaona mkeka unatembea."

"Mkeka?"

"Mkeka wangu, dada. Umetoka chini ya meza unakuja kwangu polepole, kama unataka kuniambia jambo. Ndipo nikatazama miguu."

Waliingia kibarazani. Kutoka pale, pazia lilipopasuka kidogo, waliona bonde. Paa zilikuwepo, na kati ya paa na paa palikuwa na kitu cha rangi nyekundu kilichotembea. Watu wa bondeni walianza kuitana majina na kuitikiana, na mwisho hakuna jina lililokosa mwenye kuitika. Kitanda cha Kadogo kilikuwa huko chini, na viti, na mkeka.

"Kwani Mhandisi alishinda?" Kadogo akauliza.

"Alishuka."

"Alishuka?" Kadogo akalifikiria jambo hilo. "Afadhali. Pale juu angeloa bure."

Kinyozi, aliyekuwa ameloa mpaka kwenye mifupa, alicheka hadi akakaa chini.

Mwandishi alikuja na kurasa zake, zimelowa pembeni. Akaketi kando ya Bibi Ngurumo kwenye sakafu ya baraza, kama alivyoketi asubuhi.

"Nisamehe, mwanangu," Bibi akamtangulia. "Nimekuvunjia kazi. Sehemu kumi na tatu."

"Watu wanapiga simu wanasema ndio mwisho mzuri kuliko yote waliyowahi kusikia," akasema. Hakuonekana kufurahi wala kuhuzunika. Alionekana kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake. "Nusu wanasema ulikuwa mchezo. Nusu wanasema haukuwa. Mimi nimeuandika na sijui niwajibu nini." Akafunua ukurasa wa mwisho. "Tukija kuurudia, Bibi, mvua niiandike inanyamaza vipi?"

Bibi Ngurumo alifikiri kwa uaminifu. Angependa kumpa kitu, kwa ajili ya koti, na mto wa kukalia, na kwa ajili ya mkono uliomshika Kadogo njiani.

"Sijui," akasema. "Mimi huwa naingoja tu."

Mwandishi akachukua penseli akayakata yale maneno matatu. Juu yake akaandika kitu kingine, lakini miwani ya Bibi ilikuwa imejaa ukungu na hakukisoma. Wakaketi wakingoja. Hakuna aliyewasha redio. Mvua ilipunguza, ikabadili nia, ikaongeza, ikapunguza tena. Ilipokatika, hakuna aliyeweza kusema ilikatika lini, kwa sababu paa liliendelea kudondosha, tone moja, halafu lingine, ndani ya ndoo iliyoachwa chini ya ukingo.

Kadogo alikinga sikio kwa kiganja, akainamia upande wa dada yake.

"Hiyo ni wewe?" akamnong'oneza.

Bibi Ngurumo akamwonyesha mikono yake, mitupu.